Dada uliyeuliza kuhusu mofini ya mama yako

Wa alaykum salaam dada yangu. Umeuliza kama kukubali mama ahudumiwe nyumbani kwa tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na tabu, ni kumkatia tamaa, na ami yako kakwambia mofini, ile dawa kali ya maumivu, ndiyo inayommaliza mgonjwa. Niliambiwa hayo hayo hapa Wete, nikimuuguza marehemu baba.

Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia mifupani. Tukarudi naye kutoka Dar na chupa ya mofini ya maji. Kwa woga niliificha kabatini siku 3. Siku 3 hizo baba hakulala, akisali kwa ishara ya macho, maana kumgeuza ubavu tu ni ukelele. Zinaniuma mpaka leo.

Siku ya 4 nikampa, kipimo kile kile alichoandika daktari, kila baada ya saa 4. Akasinzia mno siku 2 za mwanzo, shangazi akaangua kilio. Kumbe mtu alikuwa analipa usingizi wa wiki nzima! Siku iliyofuata akaomba kuegemezwa mito, akanywa uji, akamuuliza mjukuu wake amefika sura gani chuoni. Aliishi miezi 5 mingine.

Usingoje maumivu yarudi ndipo umpe. Mpe kwa saa. Hilo Cicely Saunders, daktari Mwingereza, alilishikilia tangu kabla hajafungua hospisi yake, nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, London mwaka 1967. Daktari akiongeza kipimo, ni kwa sababu maumivu yamezidi, si kwamba mama kawa mteja wa unga. Ila usiongeze mwenyewe, na chupa iwe mbali na watoto. Omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo ya kwanza, maana mofini hufunga choo kweli kweli. Na haimzuii kupata matibabu mengine: baba alipigwa mionzi ya kupunguza maumivu ya mfupa huku anaitumia.

Watakwambia pia unamuua kwa njaa. Mwili unaoelekea mwisho hauna hamu ya chakula, na ukimlazimisha kwa kijiko anaweza kupaliwa. Mlowanishe midomo kwa pamba. Baba jioni ile ya mwisho aliifyonza pamba, kisha akatamka shahada mwenyewe, sote chumbani tukamsikia.