Nywele zilizonitoka baada ya kujifungua, na zile nilizozing'oa mwenyewe

Jumanne iliyopita usiku nimekaa nakunja nguo za watoto, ikaingia meseji ya dada mmoja simjui, ananifuatilia tu huku mtandaoni. Amenikubalia niiweke bila jina lake. "Dada samahani kwa usumbufu, mtoto wangu ana miezi minne, nikioga nywele zinajaa kwenye tundu la bafuni mpaka maji hayapiti, nimenunua mafuta ya aina tatu, mama mkwe anasema mtoto ndo anazivuta, naogopa hata kuchana. Nisuke rasta nifiche au ninyoe tu?"

Nguo niliziacha palepale. Hiyo meseji ningeiandika mimi mwaka 2019, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na wa kumuuliza, na hilo swali la mwisho nilijijibu mwenyewe na nikajijibu vibaya.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Machi 2019 kwa upasuaji na nilipoteza damu nyingi. Kabla ya hapo mimba ilinipa nywele ambazo sijawahi kuwa nazo maishani, yaani msusi wangu wa Tabata alikuwa ananiambia niongeze hela maana kichwa kimekuwa cha watu wawili. Nikajua ndo nimepona kipilipili changu. Arobaini ikaisha salama, nilikandwa, nikanywa mtori na uji wa pilipili manga mpaka nikachoka, nywele ziko vilevile zimejaa. Mwishoni mwa Juni ndo mambo yakaanza. Napitisha kitana zinakuja na kitana. Kwenye mto, kwenye kanga ya kumbebea mtoto, siku moja mume wangu akatoa unywele kwenye ugali akauweka pembeni ya sahani bila kusema kitu, na kule kukaa kimya kwake kuliniuma kuliko angesema.

Shangazi yangu wa Muheza akaniambia nisihangaike, mtoto akianza kumjua mama yake na kumchekea basi nywele za mama zinapukutika. Zamani nilikuwa nachukia hiyo habari, sikuhizi nawaheshimu wale wamama kwasababu muda waliuona sawasawa kabisa, miezi mitatu minne ndo mtoto anacheka na ndo nywele zinatoka. Ila mtoto hahusiki jamani, na kunyonyesha hakuhusiki, hata mama anayempa mtoto maziwa ya kopo zinamtoka hivihivi. Usije ukamwachisha mtoto ziwa kisa nywele. Nimeshaona mtu amefanya hivyo na nywele ziliendelea kutoka.

Iko hivi. Kila unywele una maisha yake, unakua miaka kadhaa, unapumzika kama miezi miwili mitatu, halafu unadondoka na mwingine unaota palepale. Siku za kawaida kwenye kila nywele 100 kama 10 mpaka 15 ndo zimepumzika na zilizobaki zinakua, ndomana mtu mzima anapoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku na wala hashtuki. Ukiwa mjamzito homoni ya estrojeni inapanda, zile nywele zilizotakiwa zipumzike zinaendelea kukua, kichwa kinajaa. Ukishajifungua homoni inashuka ghafla na zote zinaenda kupumzika kwa mkupuo kama wanafunzi shule ikifungwa, na baada ya miezi miwili mpaka minne zinadondoka kwa mkupuo. Kwahiyo zile unazozikusanya bafuni ni nywele za miezi tisa zilizochelewa kuondoka. Mzizi uko hai. Kwa wengi kilele ni mtoto akiwa na kama miezi minne, halafu zinapungua taratibu, na mtoto akikaribia mwaka mmoja kichwa kinakuwa kimerudi.

Laiti mtu angeniambia hayo Julai ile. Nilichofanya mimi, nikasuka.

Nilisuka rasta ndogondogo za kubana ili nywele zisionekane zikidondoka. Zikifumuka nashonea wivingi. Nikitoa wivingi natwist na kuunganisha, halafu twende kilioni imevutwa mpaka macho yamepanda juu. Msusi akiniuliza inauma namwambia wewe kaza tu. Nalala kwa panadol. Kwenye mistari vikawa vinatoka vipele vyeupe vidogo, nikaona ni joto la Dar. Ule mwezi wa nane siuelezi sana, ulikuwa ni kusuka, kulia na kununua vichupa. Kuna chupa moja nililipa 45,000 na hela yenyewe nilikuwa nimetunza kwa ajili ya mtoto, kuna maji ya vitunguu ambayo mtoto alikuwa akinyonya anageuza uso kwa ile harufu, kuna karafuu, kuna maji ya mchele, kuna mafuta ya mnyonyo. Sijasema ni vitu vibaya, mafuta yanalainisha nywele na ngozi, ila hakuna mafuta yanayorudisha homoni iliyoshuka. Na ujanja wa wauzaji uko hapa, unapaka mtoto akiwa na miezi mitano, nywele zinaacha kutoka akiwa na miezi saba kwa muda wake, unaanza kumshukuru muuza mafuta na kumtumia picha.

Septemba tukawa na harusi ukweni. Jikoni, wanawake tumezunguka masufuria, kitambaa kikanivuka kidogo, mtu mmoja wa familia akaniangalia pale mbele palipobaki ngozi tupu akasema kwa sauti, "wewe lakini umeshapima?" Wote mnajua alimaanisha kupima nini. Wakanyamaza wote. Nilimalizia kukaanga vitunguu vya pilau machozi yanatoka nikasingizia moshi. Mpaka leo hajaniomba msamaha, na kila sikukuu tunakutana na ananikumbatia.

Aliyenisaidia ni nesi, tena hata sikuwa nimeenda kwa shida yangu. Desemba nilimpeleka mtoto chanjo ya surua ya miezi tisa, nesi akaniangalia usoni, akanishusha kope la chini, akafungua viganja vyangu akasema mama mbona umepauka hivi, unapata kizunguzungu? Nikasema ndio, nilidhani ni kukosa usingizi. Kwenda maabara wingi wa damu ni 8.6. Mwanamke ambaye si mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Yaani tangu upasuaji nilikuwa natembea na upungufu wa damu, na kila nikisema nimechoka naambiwa kawaida ya uzazi, nywele kawaida ya uzazi, moyo kwenda mbio nikipanda ngazi kawaida ya uzazi. Hilo neno kawaida nalichukia. Nywele kutoka baada ya kujifungua ni kawaida kweli, lakini upungufu wa madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, nao unatoa nywele, na vinaweza kukukuta vyote viwili kwa pamoja na usijue.

Nikaanza vidonge vya kuongeza damu. Choo kinakuwa cheusi usiogope, kinakuwa kigumu pia, kunywa maji. Kilichonishangaza ni chai. Mimi chai ya rangi nakunywa na chakula tangu utoto, kumbe inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, inatakiwa uiweke mbali na chakula na vidonge walau saa moja, halafu vitu vyenye vitamini C kama chungwa au ndimu vinasaidia yaingie vizuri. Nilikula maini, dagaa, maharage, matembele, na vidonge nikaendelea navyo miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, kwasababu daktari alisema akiba ya mwili inachelewa kujaa.

Kati ya Januari na Aprili kichwa kikaanza kuota tunywele tufupi tumesimama kama nyasi baada ya mvua. Nilikuwa nashinda kwenye kioo. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi kwahiyo uvumilivu unahitajika, ila zilirudi, leo hii ninavyoandika zinafika mabegani na hazina dawa wala za kuunganisha na najivunia, sitaficha.

Isipokuwa pembeni. Kwenye panja zote mbili kuna sehemu kama upana wa vidole viwili haijarudi mpaka leo, miaka imepita. Hiyo siyo ya uzazi. Hiyo ni rasta. Nywele ikivutwa kwa muda mrefu mzizi unafika mahali unakufa na panabaki kovu, na vile vipele vyeupe vilikuwa vinaniambia nikavipaka mafuta. Za uzazi zote zilirudi, zisizorudi ni zile nilizozivuta mwenyewe ili watu wasione.

Mtoto wa pili, 2023, zilitoka tena na sikushtuka. Nilipima damu mapema, nikasuka mabutu makubwa ya kulegea, na dawa ya kulainisha nywele sikuigusa kabisa. Kitu ambacho sikukitegemea ni hiki. Usiku mmoja mtoto analia hanyamazi, tukasema chango, tukamkanda tumbo, wapi. Namvua soksi naona kidole cha mguu kimevimba chekundu, kuna unywele wangu umezunguka umejikaza mpaka umezama kwenye ngozi. Tukakimbia zahanati wakaukata. Wakina mama, kipindi hiki nywele zinapodondoka, mtoto akilia bila sababu mvue nguo umwangalie vidole vya mikono na miguu na kwa wa kiume uume pia, na soksi zigeuze ndani nje kabla hujamvalisha. Damu ikizuiwa pale muda mrefu mtoto anaweza kupoteza kidole. Ukishindwa kuutoa usikae kusubiri kukuche.

Pia jifunze kuangalia unywele uliodondoka. Ukiwa na kijinundu cheupe mwishoni umedondoka wenyewe mzima, za uzazi ndo zinakuwa hivyo. Kama hauna, umekatika katikati, hapo lawama ni dawa, ukavu au kuchana kwa hasira, chana zikiwa na maji maji na kitana cha meno mapana. Ukiona mabaka ya mviringo yaliyo wazi inaweza kuwa mapunye au kitu kingine, nenda hospitali. Mwaka umepita bado zinatoka, nenda hospitali. Moyo unaenda mbio, unakonda au unanenepa bila mpango, unahisi baridi wenzako wakitoka jasho, waombe wakupime tezi ya thairoidi ya shingoni, huwa inasumbua baadhi ya wanawake ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na yenyewe inatoa nywele. Minoksidili, ile dawa ya kuotesha nywele, usijipakie kienyeji wakati unanyonyesha, muulize daktari kwanza.

Na nyie waume, mkeo ametoka kukuzalia, mtoto bado hajakaa, usimwambie amekuwa mzee. Mnunulie maini. Mbebe mtoto yeye aoshe nywele zake bila haraka. Na nyie mawifi na mashemeji mnaopima watu kwa macho jikoni, Mungu anawaona.

Yule dada nilimjibu saa sita usiku. Nikamwambia usinyoe kwa hofu, kunyoa hakuongezi wala hakupunguzi maana mzizi uko ndani ya ngozi, kama unataka kunyoa kwa raha zako nyoa upendeze. Rasta usisuke. Legeza. Kesho asubuhi kapime damu kabla hujanunua chupa ya nne.

Ijumaa akanitumia picha ya karatasi ya majibu, 9.4, ameshapewa vidonge. Habari ya nywele hakuigusa tena, aliniuliza tu kama dagaa nao wana madini ya chuma. Nikamwambia wanayo, akamulie ndimu, na chai asubiri.