Farasi wa mwenzio

Mwanangu,

Umeuliza neno la Kiingereza braggadocio maana yake nini, kwa kuwa mkuu wako wa kazi ameliandika pembeni mwa ripoti yako. Ni majigambo matupu. Boast, kujisifu kwa kawaida, ina nafuu. Hata mji Waingereza huusema hivyo, kwamba unajivunia bandari yake, na hakuna anayekasirika. Braggadocio lina mwizi ndani yake.

Mshairi Mwingereza Edmund Spenser alichukua brag ya kwao, yaani kujigamba, akaitia mkia wa Kiitaliano, na mwaka 1590, katika utenzi wake The Faerie Queene, akamtoa Braggadocchio, mtu aliyeiba farasi na mkuki wa shujaa Guyon akajifanya shujaa yeye. Katika sehemu ya utenzi huo iliyotoka 1596 mwenye mali anamdai hadharani. Anataja alama: doa jeusi kinywani mwa farasi, mfano wa kiatu chake. Wanaojaribu kumfunua kinywa wanaambulia mateke na meno. Guyon anamwita kwa jina, Brigadore, na farasi anakata kamba kumfuata.

Nikifika hapo namkumbuka mwalimu mkuu yule, ambaye baba yako hataki hata atajwe. Darasa la saba niliwafundisha mimi usiku, kwa chemli, wewe umelala mkekani chini ya meza yangu. Siku ya wageni akasimama: "Shule hii nimeivusha mimi." Nilikuwa nagawa soda. Watoto wawili wa safu ya nyuma wakageuka, wakanitazama mimi. Macho yale nayaona hadi leo.

Nimekwambia tangu mdogo: kujisifu kwa chako si kosa, kosa ni kupanda farasi wa mwenzio. Kule Kagera shujaa alijitungia majigambo akayatongoa mbele ya mtawala, na alisikilizwa kwa kuwa vita alivipigana mwenyewe. Lakini mbona mimi nilinyamaza? Nilijiambia kizuri chajiuza. Kilijiuza wapi? Chupa zilikuwa mkononi mwangu na sifa zilikuwa kwake. Ilikuwa adabu. Au woga, baba yako anasema woga, nami siku nyingine namkubalia.

Ripoti yako nimeisoma mara mbili. Kila mahali umeandika "nilifanya", na simu ya mwezi uliopita ulinieleza mko watatu. Sikuhukumu, ingawa ulimi unaniwasha. Niambie tu, yale mahesabu ya ukurasa wa tatu aliyafanya nani?

Mama yako