Baskeli ya mchoraji haimo kwenye fungu la kahawa

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza: "Ni starehe gani ndogo inayomrudisha msanii kwenye kazi yake kila siku?" Mkatoa mifano: kahawa ya barazani, urojo wa jioni, na kuzunguka na baskeli Forodhani jua linapokuchwa. Ya kahawa na urojo sina ugomvi nayo. Ya baskeli imenichoma. Kwa mchoraji wa Unguja baskeli haimo kwenye fungu la kahawa. Imo kwenye fungu la brashi na kopo la rangi. Kwa hiyo nitajibu swali ambalo hamkuliuliza: baskeli ya mchoraji inataka nini ili kazi ifike dukani ikiwa nzima?

Undugu wa baskeli na rangi ni wa zamani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichorea hadibodi, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, kwa rangi ya mafuta ile ile ya kupakia baskeli. Picha za mtindo wake zinazoning'inia leo Gizenga na Hurumzi, mitaa ya maduka ya Mji Mkongwe, zimetoka kwenye kopo lile. Na rangi hiyo ina tabia zake. Ukiipaka nene, juu hufunga ngozi upesi na chini hubaki mbichi, khalafu uso wote hujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Dawa yake ni mipako myembamba, kila mmoja upewe siku yake, na wakati wa masika hewa ikiwa na maji upewe mbili. Kidole kisiponasa, usiseme imekauka. Imekauka kwa kidole tu. Kwa kamba bado.

Nakumbuka safari ya mchoraji mmoja kutoka Bububu kwenda Hurumzi, mwezi wa Julai, kusi limekaza. Picha zilikuwa mbili, kila moja sentimita 60 kwa 60. Alizipanga vizuri: uso kwa uso, na kwenye kila pembe kijiti cha mbao unene wa kidole, ili rangi zisigusane na hewa ipite kati. Alizifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu, aliokata kwa mzunguko ukatoka utepe mmoja mrefu wa upana wa sentimita 2. Hilo pia lilikuwa sahihi. Kamba ya katani hulegea baskeli inapotikisika, lakini mpira huvuta na kufuata. Tatizo lake ni moja: ukilala juu ya rangi changa huacha alama ya kahawia isiyotoka, kwa hiyo kila unapopita ukingoni pawekwe kipande cha kanga kuukuu. Alikiweka.

Kosa lilikuwa pa kuzipakia. Alizisimamisha ubavuni mwa keria, sambamba na gurudumu, upande wa kushoto. Bububu kwenda mjini unaelekea kusini, na upepo wa kusi unatokea kusini mashariki, yaani unakupiga mbele kushoto. Mbao mbili zilizosimama ni tanga. Sisi tunapita kushoto mwa barabara, kwa hiyo tanga hilo linakusukuma kulia, ndiko ziliko daladala. Kufika Kibweni nyuma ya baskeli ilikuwa inayumba kama dau lililokosa usukani. Akashuka, akazilaza juu ya keria, akazivuta nyuma visigino visizipige, na ukingo wa mbele akauinamisha kidogo kwa kuweka tyubu iliyokunjwa chini ya ule wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiinuka, upepo huingia chini na kuinua mzigo wote. Ukiinama, upepo hupita juu. Baskeli ikatulia palepale.

Kisha, Maruhubi, pancha. Mwiba. Fundi alikuwa mzee wa pembezoni mwa barabara, na kazi yake aliijua: alisugua tyubu kwa msasa mpaka weusi ukapauka, akafuta vumbi, akapaka solusheni, gundi ya kiraka, nyembamba, akaiacha. Mchoraji akawa anatazama jua.

"Inang'ara bado, mwanangu. Subiri."

"Mzee wangu, duka linafungwa adhuhuri. Bandika hivyo hivyo."

Kikabandikwa. Kiraka hakishiki kwa solusheni mbichi. Kinashika ikiisha kung'ara, dakika tano hivi, ukigusa pembeni isivute. Ikifungiwa mbichi chini ya kiraka, unyevu wake hauna pa kutokea, na tairi likipata moto kiraka kinateleza. Kiliteleza Saateni. Na huyo ni mtu ambaye nyumbani hawezi kupaka rangi ya pili juu ya ya kwanza iliyo mbichi! Kanuni ni ile ile, ila barabarani aliisahau. Akasukuma baskeli mpaka Hurumzi, picha salama, duka limefungwa.

Mengine nayapitia upesi. Chumvi ya pwani inakula mnyororo: futa kwa kitambaa kila wiki, tia tone la mafuta kwenye kila pingili, futa tena, kwani mafuta yanayobaki nje hukusanya mchanga. Kwenye baskeli nyingi za 28, yaani za gurudumu la inchi 28, gololi za gurudumu la nyuma ni 9 kila upande, za robo inchi; za mbele 10, ndogo zaidi. Zijae grisi, na koni, ile nati inayozibana, isikazwe mpaka gurudumu likawa zito. Kabla ya kutoa kiraka chochote kwenye pakiti, angalia kwanza kijimpira cha vali, maana mara nyingi upepo unatokea hapo na tyubu haina kosa. Na ndani ya tairi pitisha kidole, polepole, mwiba uko palepale.

Sasa nimeandika yote haya kuwapinga, na naona mkono unalegea. Yule mchoraji alirudi Bububu alasiri bila mzigo, kiraka kimebandikwa upya na kusubiriwa, upepo ule ule uliomtesa sasa uko mgongoni. Mnyororo hausikiki. Miguu haifanyi kazi. Upande wa kushoto bahari imejaa, ngalawa zinarudi. Siwezi kuita hiyo kazi.

Basi andikeni starehe. Lakini iwe ya kurudi, ya kwenda msiihesabu. Na iwe ya Unguja, kwa sababu vilima vya Pemba baina ya Chake na Wete ni habari nyingine kabisa. Masika nayatoa kwenye hesabu. Na mwenye picha mbichi asiguse keria kabla ya siku ya tatu.