Kupiga bisho ni nini hasa?

Ndugu uliyeuliza maana ya "kupiga bisho" baada ya kumsikia mtangazaji wa mashindano ya mashua ya Lamu akilitaja kwa kupaza sauti, jibu ulilopewa na mwenzetu, kwamba ni kuielekeza omo (pua ya chombo) kule upepo unakotoka na kukaza tanga, silo. Fanya hivyo uone: tanga litapwaya, chombo kitasimama, kisha kitaanza kurudi nyuma.

Bisho ni kuuendea upepo kwa mshazari. Unaukata kwa upande mmoja kwa kitambo, unageuza, unaukata kwa upande wa pili, hivyo hivyo hadi ufike. Hapa Nairobi watazame vijana wa mkokoteni wakipanda mlima na mzigo: hawaendi wima, hukata kombo kutoka ukingo huu wa barabara hadi ule, madereva wakiwapigia honi. Boti za kisasa za mbio huusogelea upepo hadi kama digrii 45. Mashua zetu hazifiki hapo, kwa hiyo njia yao huwa ndefu zaidi.

Mimi ni wa Lamu, siku hizi naishi South B. Ujanani nilikuwa baharia katika mashua ya mjomba, tukipeleka boriti Mombasa. Taabu ya bisho haimo katika kwenda, imo katika kugeuza. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, mti mrefu wa kushikilia tanga, unaokaa upande mmoja wa mlingoti, na ukigeuza lazima uhamie upande wa pili. Basi nahodha haipitishi omo kwenye upepo. Hulegeza demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, chombo kikaupa upepo mgongo. Sisi tunaisimamisha foromali wima, tunaizungusha mbele ya mlingoti, tunafunga goshi (pembe ya mbele ya tanga) upya, tunakaza demani. Yote hayo mashua ikiyumba na mjomba akitukana (alikuwa na matusi ya kila aina ya upepo). Na kila ukigeuza hivyo, sehemu ya njia uliyokwisha kuikata kuuendea upepo inakupotea.

Ndiyo maana wenye akili walingoja msimu. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, Disemba hadi Machi, ilitushusha Mombasa bila jasho. Kurudi ndiko kulikokuwa na bisho, ama ukae bandarini hadi kusi, upepo utokao kusini, ianze mwezi wa Aprili. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi nayo yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi.

Mtangazaji alipaza sauti kwa sababu ya taabu hiyo ya kugeuza: kwenye mbio, mabaharia wepesi wa kuhamisha foromali huwapita wenye tanga zuri.

Ukitaka kuona bisho karibu, nenda Naivasha kwenye boti za tanga. Zamani ungeziona hata Bwawa la Nairobi, kabla ya magugumaji na tope kulimaliza. Ila hizo hazina foromali ya kuzungusha, tanga lao huhama lenyewe. Utaona mshazari tu.