Maswali ya Wasomaji: Maji ya Tangi Yamechacha

SWALI: Assalam aleikum. Nina gari la kulala safarini, nalikodisha kwa wageni wanaokwenda Tsavo. Tangi lake la maji safi ni la plastiki, lita 80. Likikaa uani wiki mbili bila kazi, maji yanakuwa na ladha ya plastiki na matope, na mfereji wa maji moto unanuka yai viza. Nimetia Jik mara mbili. Baada ya siku chache mambo ni yale yale. (Msomaji, Bamburi)

JIBU: Waaleikum salaam. Hapo una maradhi matatu, si moja, na Jik hutibu mawili tu.

Anza na glasi tatu: moja ya maji kutoka mfereji wa nyumbani unaojazia, moja ya maji yaliyopita kwenye mpira, moja kutoka tangini. Zinuse tu, usionje. Glasi ya pili ikinuka plastiki, lawama ni za mpira, hasa ule wa kijani wa kumwagilia bustani ulioachwa juani. Nunua mpira wa maji ya kunywa, uweke kivulini, na yale maji ya kwanza yaliyolala ndani yake yamwage kila mara.

Ladha ya matope hutoka kwenye tope la chini na utando unaoteleza kwenye kuta za tangi. Hapa ndipo Jik yako ilipoishia: klorini humalizwa na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Tena klorini hupungua nguvu kwa joto na umri, na chupa iliyokaa miezi kwenye duka lenye joto la Mombasa si kama iliyotoka kiwandani jana. Tazama tarehe, na chukua ile ya kawaida, isiyo na manukato wala rangi.

Kwa hivyo osha kwanza. Mwaga maji yote, jaza theluthi moja ya tangi, endesha gari kwenye barabara mbovu (hazikosekani) maji yapige kuta, kisha fungua koki ya chini maji yakiwa bado yamevurugika. Rudia mpaka yatoke meupe. Kama tangi lina mfuniko wa mkono kupita, sugua kwa kitambaa. Toa chujio la makaa, kwani litanyonya klorini yote. Kisha fungua kichujio kidogo cha wavu kilicho kabla ya pampu. Wengi hawajui hata kama kipo, nacho hujaa nyuzi za kijani na mchanga.

Sasa dawa. Kwa Jik yenye asilimia 3.5 ya klorini, lita 80 zahitaji mililita 115, yaani chini kidogo ya nusu kikombe. Ikiwa lebo yaonyesha nguvu nyingine, badili kipimo. Ichanganye kwanza katika ndoo ya maji, mimina tangini, kisha jaza tangi. Washa pampu, ufungue mifereji mmoja mmoja, wa baridi, wa moto na wa bafu, mpaka kila mmoja utoe harufu ya klorini, halafu ufunge. Bomba usilolifikia ndilo litakalorudisha ugonjwa. Acha saa nne au usiku mmoja, si zaidi, maana klorini kali hula mipira ya pampu. Mwaga, jaza maji safi, yapitishe kila mfereji, urudie mpaka harufu iishe.

Yai viza kwenye maji moto peke yake hutokana na hita. Bakteria wasiohitaji hewa hukaa ndani yake wakitoa gesi ya salfa, na fimbo ya magnesi iliyowekwa kuzuia kutu huwazidishia kazi. Zima hita, iache ipoe, uimwage, usukume tope nje kwa maji, ndipo uipitishie ile klorini. Kama harufu yarudi, muulize fundi juu ya fimbo ya alumini na zinki.

Chokaa nyeupe ya maji ya kisima huondolewa kwa siki, ila baada ya klorini kutoka yote. Siki na Jik zikikutana hutoa gesi ya sumu, hatutanii hapa.

Gari likilala, tangi liwe tupu, koki ya chini wazi, na mpira wa kupumulia ufunikwe wavu usipitishe mende.

SWALI: Maji ya tangi letu la paa, Likoni, yana chumvi. Tumetia dawa, chumvi iko pale pale. Tufanyeje? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Klorini huua vijidudu, chumvi haiigusi, na kuchemsha huizidisha, kwani maji huondoka chumvi ikabaki. Chanzo ni kisima: karibu na bahari, maji ya chumvi huingia chini ya yale matamu, na ukivuta kwa nguvu unayapandisha. Jaribuni kuvuta kidogo kidogo kwa muda mrefu badala ya kujaza tangi kwa mkupuo. Yasipopungua, ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea, na ya kunywa myatafute kwingine au mnunue mtambo wa kuchuja kwa shinikizo. Lakini huo humwaga maji mengi ya taka yenye chumvi, na vichujio vyake si bei rahisi. Ulizeni bei ya vichujio kabla ya bei ya mtambo.