Kabla ya Kufasiri "Coke", Uliza Msemaji Ametoka Wapi

Msomaji mmoja anayejifunza kazi ya ufasiri ameniandikia kuuliza kama kuna haja yoyote ya kuumiza kichwa juu ya maneno "pop", "soda" na "coke" yanapotokea katika mazungumzo ya Wamarekani, ilhali Kiswahili kina neno soda na linatosha. Ujumbe wake umenifikia mara tu baada ya mteja kuipokea tafsiri yangu ya masimulizi ya familia moja ya Kimarekani bila kubadilisha hata mstari mmoja. Kwa kuwa maneno hayo hayo matatu ndiyo yaliyonipatia kazi hiyo, nitamjibu kwa urefu.

Wasimulizi walikuwa watatu: bibi aliyekulia Georgia, mdogo wake wa kiume aliyehamia Detroit akiwa kijana, na mjukuu aliyezaliwa na kulelewa St. Louis. Bibi anaeleza kwamba baba yao alikuwa akiwanunulia "coke" kila Jumamosi, na kwamba yeye daima alichagua ya machungwa. Mfasiri aliyenitangulia alikuwa ameandika kwamba baba aliwanunulia Coca-Cola, kisha akaifuta habari ya machungwa, bila shaka kwa kudhani kwamba bibi amechanganya mambo. Bibi hakuchanganya chochote. Kwa watu wengi wa kusini mwa Marekani, "coke" ni kinywaji chochote baridi chenye gesi. Mtu huomba "coke", akaulizwa anataka ya aina gani, akataja kinywaji cha kampuni nyingine kabisa, na hakuna anayeshangaa. Wala hilo si jambo la ajabu kwa anayejua historia yake, kwa sababu kusini ndiko Coca-Cola ilikozaliwa: John Pemberton aliitengeneza Atlanta mwaka 1886, na mwaka 1894 Joseph Biedenharn akaanza kuitia kwenye chupa huko Vicksburg, Mississippi, ikawafikia hata watu waliokuwa wakiishi mbali na mji.

Mdogo wake husema "pop", kama walivyo majirani zake wa Detroit na watu wengi wa majimbo ya kati-magharibi hadi pwani ya kaskazini-magharibi. Anasimulia kwamba kila aliporudi Georgia, watoto wa dada yake walimcheka kwa neno hilo na kumwita mgeni, naye akawa mkaidi, akalitumia zaidi. Neno lenyewe si la juzi; mshairi wa Kiingereza Robert Southey alilitaja katika barua yake ya mwaka 1812, akaeleza kuwa limetokana na mlio wa kizibo kinapong'oka.

Mjukuu yeye husema "soda". Hapo mfasiri mwenye haraka angemhesabu kuwa mtu wa New York au California, ambako neno hilo limetawala, kumbe St. Louis ni kama kisiwa cha "soda" kilichozungukwa na bahari ya "pop", na Milwaukee ni hivyo hivyo. Basi familia moja ina majina matatu, na sehemu tamu kuliko zote katika masimulizi yao ni pale wanapobishana mezani juu ya lipi ndilo jina la haki. Ukiyageuza yote kuwa soda, utabaki na watu watatu wanaogombana bila sababu. Kwa hiyo niliyaacha majina yao kama yalivyo katika ubishi ule, na mahali pengine pote nikaandika soda, ikiwemo ile soda ya machungwa ya bibi, ambayo niliirudisha mahali pake.

Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii, msimamizi wa ofisi moja ya tafsiri aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mtu anayeuliza kwao msemaji ni wapi ili afasiri jina la kinywaji anachelewesha kazi za watu. Swali langu halikujibiwa, na kazi akapewa mwingine. Maneno yale yaliniuma, na hadi leo hayajaacha kuniuma, kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali sahihi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza kwao msemaji ni wapi. Uliza kabla hujafungua kamusi, na ukikosa wa kumuuliza, tafuta ndani ya maandishi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanaisimu Bert Vaux aliendesha uchunguzi wa lahaja za Marekani, na zaidi kidogo ya nusu ya waliojibu walisema "soda", robo "pop", na takriban mmoja kati ya wanane "coke". Ramani zake zinaonyesha wazi maneno hayo yanakaa wapi, nawe unapaswa kuzifahamu. Ipo pia kamusi ya Dictionary of American Regional English, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1985. Hatuwezi kudai heshima kwa taaluma hii huku tukiwafutia watu maneno waliyolelewa nayo, na tukisha kuyafuta, tuseme wao ndio waliokosea. Mtu aliyekupa masimulizi ya maisha yake amekuamini. Uliza kwao ni wapi.

Uliza na umri wake pia, maana baadhi ya maneno haya yanaondoka pamoja na wazee. Ukimkuta mzee wa Boston akikumbuka jinsi alivyotumwa dukani utotoni kununua "tonic", usiandike maji machungu ya kwinini ambayo watu huchanganya na pombe kali, wala usiandike dawa ya kuongeza nguvu. Andika soda.