Jibu: Vifaranga wanakufa wiki ya kwanza, na mimi niko chuo

Mambo mkuu. Umesema una vifaranga 30 wa chotara, 9 wamekufa ndani ya siku nne, waliobaki wanajirundika kona moja. Kabla hujakimbilia dawa, angalia joto. Wakirundikana wanasikia baridi. Wakiikimbia taa ya kuwapa joto na kuhema midomo wazi, umezidisha. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili Morogoro, nasomea uhasibu, kuku namjua wa kwenye sahani tu. Mwenye nyumba akasafiri, akaniachia vifaranga 12. Umeme ukakatika usiku, nikawaingizia jiko la mkaa na kufunga mlango. Asubuhi wamebaki watano. Hewa ya mkaa hiyo, usirudie kosa langu! Siku hizi najaza maji ya moto kwenye chupa, nazifunga kanga kuukuu. Wale watano ndio walioniteka. Nikawa nachomoka kipindini kwenda kuwachungulia.

Halafu minya kiganjani maranda uliyowatandikia chini: yakishikamana, yamelowa, badilisha. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) siku ya saba usiiruke. Wakiharisha damu, muone daktari wa mifugo, hapo mimi sina ujanja.

Taa umeining'iniza juu kiasi gani?